Vita vya Wangwana na Leta, na Ngata ya Mukwe Wangu

Shangazi yangu wa Lokandu hakuwahi kumwazima mtu ngata yake. Ngata ni kile kiduara cha majani ya mgomba au cha kitambaa kikuukuu ambacho mtu anaweka kichwani au begani kabla ya kubeba. Kila mtu anakijua, sijui kwa nini ninakieleza. Labda kwa sababu siku hizi watu wanabeba kila kitu juu ya baiskeli, hata jeneza.

Shangazi alikuwa anakausha samaki kwa moshi na kuwapeleka kwenye bandari ya mitumbwi, akiwauzia watu waliopita na mashua. Samaki walikuwa wa mumewe. Mumewe alikuwa mvuvi, ingawa alivua zaidi chupa ya lotoko, pombe kali ya kienyeji, kuliko samaki. Kila asubuhi shangazi alijitwisha kikapu, akatembea na shingo imenyooka kama nguzo ya simu, na sisi watoto tukamfuata nyuma tukinusa.

Basi, kwetu kulikuwa na desturi. Ukichoka njiani, au ukitaka kunywa maji, au ukibanwa na haja, unatua mzigo wako, unaweka ngata juu yake, unakwenda. Hakuna atakayeugusa. Ngata iko juu, mwenyewe anarudi. Lakini mzigo ukikutwa njiani bila ngata, wote wanajua: aliyekuwa anabeba ameondoka kabisa. Mzigo ni wa mwenye mzigo, ngata ni ya mwenye kichwa.

Asubuhi moja shangazi alifika nusu ya njia, akatua kikapu, akavua ngata, akaikunja kwapani, akaenda zake upande wa Pangi. Mumewe aliitwa. Alikitazama kile kikapu kisichokuwa na kitu juu, akakaa chini pembeni yake mpaka nzi wakamaliza walichotaka kumaliza. Baadaye nilisikia shangazi aliolewa huko na amenenepa. Mimi nilikuwa mdogo, na kilichoniuma ni samaki tu. Nilidhani tutaachiwa tuwale. Hatukuachiwa.

Sikukusudia kumzungumzia shangazi. Nilitaka kuzungumza juu ya vita. Juzi nilisikia redioni mtu mwenye masomo mengi akieleza vita vya zamani vya hapa kwetu Maniema, Wangwana upande mmoja, yaani wale watu wa Unguja na vijana wao wa kanzu na magobori, na upande mwingine Leta, yaani serikali ya Wazungu na asikari wao. Alisema zilikuwa dola mbili zikigombea ushawishi katika eneo. Ushawishi! Neno limepigwa pasi kama shati ya mwalimu. Nilizima redio ili nisimalize betri kwa upuuzi.

Mimi vita hivyo niliviona kwa macho yangu, ingawa vilipiganwa kabla baba yangu hajazaliwa. Niliviona katika uwanja wa mpira wa Kindu, wakati wa Zaire, na bunduki zake nilizichonga mimi.

Nilikuwa seremala. Nilisoma mpaka pale mwalimu alipochoka nami, kisha nikaingia karakana. Wakati ule wa Zaire chama kilikuwa kimoja, na hicho kimoja kilikuwa kinapenda sana kucheza dansi. Tulikuwa tunaita animasyon. Kabla ya kazi, mkubwa wa ofisi na mfagiaji wake walisimama mstari mmoja wakitikisa kiuno na kuimba sifa za Mkubwa wa nchi. Nimewaona wanaume wenye wajukuu wakitikisa makalio mbele ya wakwe zao, na aliyetikisa kidogo aliandikwa. Bwana na bibi vilikatazwa, kila mtu akawa sitwayen, yaani raia. Majina ya ubatizo yalifutwa, wengine wakajitungia majina marefu kama treni ya mizigo, na leo wameyasahau. Ndiyo maana simtaji mtu kwa jina hapa. Sijui ningechukua lipi.

Komisere wetu wa zone, yaani mkuu wa wilaya, alikuwa mtu wa mbali, wa huko chini ya mto. Alisema Lingala, na Kiswahili alikiongea kama mtu anayetembea juu ya mawe ya moto. Aliambiwa mgeni mkubwa atakuja kutoka Kinshasa, na kwamba mikoa mingine inawaonyesha wageni michezo ya historia yao. Akaita wakubwa wa mji, akauliza hapa kumetokea nini. Watu wakatazamana. Mwalimu mmoja akasema kulikuwa na vita vya Wangwana na Leta.

Komisere akafurahi. Akauliza, "Na sisi tulishinda?"

Yule mwalimu alitazama viatu vyake. Alikuwa hajalipwa muda mrefu na viatu vilionyesha hivyo. Akajibu, "Ndiyo, sitwayen Komisere."

Hapo njo balaa lilizaliwa.

Sasa, katika Kindu kulikuwa na watu wawili waliokuwa hawapitani mlangoni. Mmoja tulimwita Haji, mfanyabiashara mwenye malori ya kwenda Kasongo, mpunga unapanda, chumvi na vitenge vinashuka. Yeye alisema babu yake alikuwa Mungwana mkubwa, mtu wa Unguja kabisa. Inawezekana. Lakini mimi nimeona kwamba katika Kindu kila anayenunua lori anapata na babu wa Unguja ndani yake, kama vile anapata gurudumu la akiba. Wa pili alikuwa Shefu wa depo ya reli, mtu wa Kasai, mkristo, mwenye miwani na mke mnene. Babu yake alikuja na asikari wa Leta. Alikuwa sajenti, alisema. Sijapata kukutana na mtu ambaye babu yake alikuwa asikari wa kawaida.

Hawa wawili waligombania kila kitu. Nani akae kuliani kwa Komisere. Ng'ombe wa nani achinjwe siku ya sherehe. Spika ya nani ipige kelele zaidi. Mmoja akipeleka mbuzi kwa Komisere, mwingine anapeleka mbuzi na gunia la mpunga. Komisere alikuwa anasema sisi wote ni watoto wa taifa moja, na tumbo lake lilikuwa linakua. Yule msomi wa redioni angekuja kukaa wiki moja tu karibu na jiko la Komisere, angejua ushawishi unanuka namna gani.

Kati ya vitu walivyogombania kulikuwa na shamba la mukwe wangu.

Mukwe wangu, baba wa mke wangu, alikuwa mzee mfupi mwenye shingo nene. Aliwahi kufanya kazi ya chepe kwenye njia ya reli, kushindilia mawe chini ya mataruma. Alipotoka huko alikata msitu wake mwenyewe kule Mikelenge, mahali kati ya barabara na bonde la maji, akapanda mpunga. Ulikuwa mpunga mzuri, wa punje ndefu. Mkewe alikuwa amekufa, watoto wake wengine wametawanyika, na shamba lile ndilo lililokuwa linamfanya aamke. Sisi pia tulikula kwake. Seremala wa Zaire asiyekuwa na mukwe mwenye mpunga alikuwa anachonga majeneza na kulala njaa.

Tatizo la shamba lile lilikuwa barabara. Mji ulikuwa unakua, na mahali pazuri pa mpunga palikuwa pamegeuka mahali pazuri pa wakubwa. Haji alipataka ajenge gala. Shefu alipataka ajenge nyumba yenye baraza inayotazama barabara, ili watu wampigie saluti wakipita. Sheria ya wakati ule ilisema udongo wote ni wa serikali, kwa hiyo mwenye kukata neno alikuwa Komisere, na Komisere hakuwa na haraka. Mbuzi walikuwa wanaendelea kuja.

Haji alikuja kwanza. Mimi nilikuwa pale natengeneza mlango wa mzee. Alikaa kwenye kiti nilichokifuta, akauliza habari za mpunga, akauliza habari za magoti, kisha akaingia.

"Mzee wangu," alisema, "wewe ni mutu wetu. Tunasali safu moja. Katika huu mchezo, ukae upande wa Wangwana, ushike bendera. Nitamwambia Komisere shamba hili ni la ndugu yangu, lisiguswe."

Mzee aliuliza gala litajengwa wapi basi.

"Pembeni kidogo tu."

"Pembeni ya nini?"

Haji alicheka, akamshika bega kama mtu anayepima ng'ombe, akaondoka. Kuhusu safu moja alisema kweli, mzee alikuwa anasali, ila ni Ijumaa chache na nyuma kabisa, karibu na viatu.

Kisha akaja Shefu wa depo, hata kabla ya baraza kufagiliwa nyayo za Haji. Yeye hakukaa, aliogopa suruali yake. Alimwita mzee papa, akamkumbusha kwamba yeye ni mtu wa reli, jasho lake liko chini ya mataruma. Avae kofia nyekundu ya asikari wa Leta, asimame mstari wa mbele. Nani atamgusa akiwa mtu wa Shefu?

"Na ile nyumba yako?" mzee aliuliza.

"Itakuwa hapa, papa, lakini wewe hutoki. Utakuwa sentineli yangu. Nitakupa na koti."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe, na alidhani ametoa zawadi: mtu awe mlinzi wa usiku katika shamba alilolikata kwa shoka lake, na apewe koti.

Jioni tulikula. Kwetu mtu hali pamoja na mukwe wake, wala hamtazami akila, ni haya kubwa. Kwa hiyo yeye alikaa na sahani yake ndani, mimi na sahani yangu nje, na kati yetu ukuta wa matete. Maneno mengi ya maana niliyoyapata kwa yule mzee yalipita katika ukuta ule. Nadhani alinipenda zaidi alipokuwa hanioni.

Aliniambia habari za baba yake. Baba yake alichukuliwa kijana na Wangwana, akafanywa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kwenda Kasongo. Hakuna aliyemwuliza kama anataka, wala hakuna aliyemwambia pembe zinakwenda wapi baada ya Kasongo. Kisha vita vikaja. Wakubwa wakapigana huku na ng'ambo ya mto, moshi ukaonekana, na asubuhi moja waliokuwa na fimbo wakakimbia. Wapagazi walibaki wamekaa chini karibu na mizigo, kwa sababu walikuwa wamefungwa kamba. Asikari wa Leta wakafika, wakawatazama, wakazikata zile kamba. Wapagazi wakasimama wakidhani wamefunguliwa. Wakawekewa masanduku ya risasi.

"Pembe inabebwa na bega," mzee alisema nyuma ya matete. "Sanduku linabebwa na kichwa. Baba alisema alijua serikali imebadilika sababu maumivu yalitoka kwenye bega yakapanda kwenye kichwa. Ngata ilikuwa ileile."

Nikamwuliza sasa atawajibu nini wale wawili. Alitafuna kwanza, nilimsikia.

"Nitabeba. Nitabebea wote wawili. Kila mutu atasema, huyu ni wangu. Hakuna mutu anaharibu shamba ya mupagazi wake."

Nilifikiri ni akili kubwa, na bado ninafikiri hivyo. Ingefaa kabisa kama wale wangekuwa watu wanaofikiri mbele hata hatua moja.

Wote wawili walikubali upesi, maana wapagazi walikuwa wamekosekana. Mji mzima ulitaka kuwa Mungwana au asikari. Makarani walitaka kuwa masajenti, wauza chumvi walitaka kuwa masultani. Mpagazi hakuna. Ungedhani katika vita vile walikuwepo majenerali tu na mizigo ilitembea yenyewe. Mwishowe walikamatwa watu wa salongo, wale wa kufyeka majani ya serikali bila malipo, wakaambiwa leo mtabeba. Mukwe wangu akawekwa mbele yao.

Mimi nilichonga. Bunduki za Leta zenye mtutu mwembamba, magobori ya Wangwana yenye mdomo mpana, na pembe za ndovu za mti mwepesi, nikazipaka chokaa. Zilipendeza. Mtoto angeweza kuzibeba. Kwa risasi za Leta tulichukua masanduku ya sabuni, matupu.

Basi Shefu alikuja kutazama mazoezi, akaona lile sanduku linayumba kichwani kwa mzee kama kofia. Hakupenda. Alisema watu watadhani Leta ilikuwa maskini. Akaagiza lijazwe boliti za reli. Haji alipopata habari, alikuja karakana kwangu akaniambia nichonge pembe upya, kwa mti mzito, ule mwekundu unaozama ndani ya maji. Nilimwambia mti huo si mchezo, ni mzigo wa kweli, na mwenye kuubeba ni mzee. Alinitazama kama nimemwambia kitu juu ya hali ya hewa.

"Watu waone pembe ao waone muhogo?"

Shefu akaongeza boliti. Haji akaagiza pembe ndefu zaidi. Kila mmoja alitaka dola yake ionekane ilikuwa na mali nzito kuliko ya mwenzake, na uzito wote huo ulikuwa unapita katika shingo moja. Nilichonga, maana karakana ilikuwa nyuma ya duka la Haji. Mke wangu alimkanda baba yake mabega kwa maji ya moto na mawese, akamwomba aache. Mzee alisema mpunga umeanza kutoa masuke.

Ugomvi mwingine ulikuwa nani ashindwe. Zamani Wangwana walishindwa, hata Haji alijua, lakini alisema watu wake wakishindwa basi wafe polepole na kwa heshima, na Leta wasikanyage bendera. Shefu alisema asikari wake hawana muda wa kungoja watu wafe. Komisere akasimama, akasema wote wawili walikuwa wageni wanyonyaji, mshindi lazima awe raia. Lakini raia yuko wapi katika vita hivi? Wakageuka kumtazama yule mwalimu, maana mchezo aliuandika yeye. Mwalimu akaandika upya: mwishoni Wangwana na Leta wanakimbia wote, wapagazi wanasimama, wanainua mwenge wa chama, na mpagazi mkuu anamshukuru Mkubwa wa nchi. Babu zetu wakiwa bado wamefungwa kamba, tayari wanamshukuru mtu ambaye hajazaliwa. Hakuna aliyecheka. Nilitazama vizuri uso kwa uso, hakuna.

Siku yenyewe mvua ilinyesha alfajiri, uwanja ukawa bwawa la matope. Mgeni wa Kinshasa hakufika, ndege haikuondoka. Komisere alikaa katika kiti cha mgeni, akakijaza. Haji alikaa kuliani kwake, Shefu kushotoni, kisha Shefu alisogeza kiti chake mbele kidogo, Haji naye akasogeza, mpaka wote wawili wakawa wananyeshewa na manyunyu yaliyobaki, nje ya turubai. Mimi nilikaa karibu na mstari wa goli na sanduku langu la misumari, tayari kuunga kitakachovunjika.

Wangwana waliingia kwanza, kanzu nyeupe, ngoma, bendera. Nyuma yao wapagazi, na mbele ya wapagazi mukwe wangu, pembe ya mti mwekundu begani juu ya ngata. Walipaswa kuzunguka uwanja mara moja. Walizunguka, wakazunguka tena, wakazunguka tena, kwa sababu Haji alikuwa anawapungia mkono waendelee. Maadamu wanazunguka, Leta haiingii. Mzee alikuwa ametoka jasho mpaka kwenye nyusi. Watu walipiga makofi wakasema anacheza vizuri.

Upande wa Leta walichoka kungoja, wakaingia bila kuitwa. Kofia nyekundu, filimbi ya depo, mbio. Wakapiga risasi kwa midomo. Hakuna Mungwana aliyekufa. Wakapiga tena. Wangwana walisimama wakiwatazama, na mmoja, muuza chumvi na makayabu, wale samaki wa chumvi, akasema kwa sauti, "Risasi zenu ni za makayabu." Uwanja ukacheka. Karani mmoja wa reli alimpiga na bunduki yangu, bunduki ikavunjika, na kutoka hapo haikuwa mchezo tena. Walipigana katika matope kwa ngumi na kwa meno, kanzu na kofia, watu ambao Jumatatu wangesalimiana sokoni. Komisere alikuwa anacheka, anapiga paja. Alidhani ndivyo mwalimu alivyoandika.

Katikati ya hayo yote alikuwa mukwe wangu. Wa kofia nyekundu walimvua pembe begani wakamwekea sanduku la boliti kichwani, kama ilivyopangwa. Wa kanzu walikuja wakasukuma sanduku, wakamrudishia pembe. Wa kofia wakarudi. Walimvuta huku, wakamvuta kule. Na jambo moja nililiona vizuri kutoka pale golini: katika wote waliomvuta, hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni. Walikuwa wanatazamana wao kwa wao juu ya kichwa chake. Alianguka goti moja, akasimama, na sanduku lilikuwa juu. Leta walikuwa wameshinda tena, kwa bahati tu.

Komisere alipochoka kucheka alipunga mkono, spika zikapiga muziki, wapiganaji wakaachana wakitema udongo. Mwenge ulikuwa umekanyagwa. Komisere akachukua mikrofoni. Alisifu ushujaa wa babu zetu. Alisema vita vikubwa namna hii haviwezi kukosa mnara wa ukumbusho, na mnara unataka mahali panapoonekana, karibu na barabara. Alisema anajua sitwayen Haji na sitwayen Shefu, kwa mapenzi yao kwa taifa, wote wawili wametamani kiwanja kile cha Mikelenge, na yeye kama baba hawezi kumpendelea mtoto mmoja. Kwa hiyo shamba lile leo analitoa kwa taifa. Mnara utajengwa pale. Haji ataleta simenti, Shefu ataleta vyuma.

Nilimtazama Haji, nikamtazama Shefu. Kisha kila mmoja alielewa kwamba mwenzake pia amekosa, na nyuso zao zikafunguka. Walipiga makofi. Kwa pamoja, mara ya kwanza tangu niwafahamu, mpaka wakapeana mikono mbele ya tumbo la Komisere.

Huo mnara, ukienda Mikelenge utauona. Yaani hutauona. Utaona jukwaa la simenti la kimo cha goti, maana simenti iliyobaki ilijenga nyumba ya mtu, na vyuma vikauzwa. Mbuzi wanapenda kulala juu yake wakati wa mvua, pamekauka. Mpunga waliufyeka ukiwa bado na maziwa ndani ya punje. Hata hawakungoja uive ili wauibe, na hilo ningelielewa.

Lakini siku ile bado tulikuwa uwanjani. Komisere alikumbuka kwamba mchezo haujaisha, mpagazi mkuu hajatoa shukrani. Akanyoosha mikrofoni, kijana wa waya akaileta mpaka mbele ya mukwe wangu. Mzee alikuwa bado amesimama na lile sanduku kichwani, matope mpaka kiunoni. Upande wa wanawake nilimwona mke wangu amesimama, mkono mdomoni.

Mzee hakuitazama mikrofoni. Alinitafuta mimi, na alinitazama usoni, jambo ambalo baba mukwe hafanyi.

"Mukwe," alisema, "nitue."

Nikaenda. Nikashika upande mmoja wa sanduku, yeye akashika mwingine, tukaliteremsha mpaka chini. Boliti ziligonga ndani. Lilikuwa zito kuliko nilivyofikiri, na mimi ndiye niliyepigilia misumari ya kifuniko chake. Alivua ngata kichwani, akaikung'uta matope. Komisere alikuwa anatabasamu anangoja. Haji alikuwa anangoja. Watu walidhani mzee anakwenda haja na atarudi kusema shukrani zake, hata mmoja alimwambia asikawie, papa, mvua inarudi.

Mimi nilitazama juu ya sanduku. Hapakuwa na kitu. Ngata ilikuwa kwapani kwake.

Alipita pembeni ya goli, akawapisha wanawake waliokuwa wanaingia na masinia ya wali, akatoka kwenye lango. Nje ya lango barabara inagawanyika, mkono mmoja ni Mikelenge. Alishika mwingine, akatembea polepole, shingo imenyooka, na hakurudi.